Mvua Imezidi Hadithini, na Shangazi Haitikii Salamu

Barua

Maalim, Assalaamu alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mkaazi wa Wete, Pemba, kazi yangu ni cherehani, na kwa miaka sita sasa ninaandika hadithi fupi ambazo nazichapa kwenye simu na kuwapelekea marafiki wachache na, mara mbili, mhariri mmoja wa Bara. Nakuandikia huku mvua ya masika ikilipiga bati la uani kwa namna ambayo nikitaka kusema na mwanangu lazima nipaze sauti. Huu ndio wakati wangu wa kuandika, na hapo ndipo tatizo langu la kwanza linapoanzia.

Mwaka wangu hauna nafasi nyingine. Tangu Shaaban wateja huanza kuleta vitambaa, Ramadhani yote nashona mpaka daku, na usiku wa kuamkia Mfungo Mosi, sikukuu ya kumaliza Ramadhani, huwa bado kuna watoto wa watu mlangoni wanaosubiri nguo zao zitiwe vifungo. Baada ya hapo napata utulivu wa wiki kadhaa, kisha vitambaa vya Mfungo Tatu, sikukuu ya kuchinja, vinaanza kuingia. Ikifika Julai, ikiwa karafuu zimezaa, hata hiyo cherehani naifunika: tuna mikarafuu ya urithi nje ya mji, mchana tunachuma, usiku tunachambua makonyo mpaka kila ninachokila kina ladha ya karafuu, na asubuhi tunaanika. Kaskazi nayo ikiingia, wageni wa Mjini na wa Bara wanashuka na mizigo yao, na nyumba haina tena pembe ya mtu kukaa peke yake. Hadithi zangu zote tisa, basi, zimeandikwa baina ya Machi na Mei. Mhariri niliyempelekea alinijibu kwa sentensi moja iliyoniuma: "Hadithi zako zina mvua nyingi mno, na sijui inanyesha kwa sababu gani."

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mwaka jana niliandika kisa cha mtu na wifi yake wanaogombania mikarafuu minne iliyoachwa na marehemu bila ya kuandikwa popote. Nilibadilisha majina. Sikubadilisha kanga ya kijani iliyopauka ambayo mmoja wao huivaa kila anapokwenda shamba, wala neno alilolisema siku ya hitima: "Mimi sidai miti, nadai kivuli chake." Kanga hiyo na neno hilo ni vya shangazi yangu, dada wa baba yangu, na neno lenyewe alilisema mbele ya watu wapatao arubaini. Hadithi ikapita simu kwa simu kutoka Wete mpaka Konde, na kabla ya Ijumaa shangazi alikuwa ameshasomewa na mjukuu wake. Tangu siku hiyo haitikii salamu yangu. Nikipita mbele ya baraza yake huwageukia watoto na kuwauliza kama wameshawafungia kuku.

Dada yangu anaishi Mwanakwerekwe, huko Mjini Unguja, naye anasema nihamie kwake, kwa kuwa huko hakuna anayejua kanga ya nani ni ipi na kazi ya kushona haikosekani. Je, nihame? Na kama nitabaki, mtu anaandikaje katika mji ambao hata paka wana ukoo unaojulikana?

Fundi wa Wete

Jibu la Maalim

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako pamoja na hadithi mbili ulizoziambatanisha, na nitaanza na mvua, kwa sababu nadhani hukumu ya mhariri umeichukua kwa upande usio wake, na yeye naye hakujisumbua kukufafanulia.

Wewe unaamini kwamba masika ndiyo yanayokupa kuandika. Hebu itazame tena kalenda ya cherehani yako. Kinachokupa nafasi ni mwanya uliopo kati ya Mfungo Mosi na Mfungo Tatu, ambao ni wa siku sitini na nane hivi, yaani miongo saba kasoro siku mbili kwa hesabu ya wazee wetu wavuvi na wakulima, waliougawa mwaka wa Nairuzi, ule mwaka wa jua wa watu wa pwani, kwa makumi ya siku. Mwaka huu wa 2026 mwanya huo umefunguka katika siku za Machi 20 na utafungwa mwishoni mwa Mei, kwa hiyo umeyafunika masika takriban yote. Lakini mwezi mwandamo hautulii mahali pamoja. Kila mwaka sikukuu hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja katika hesabu ya jua, ilhali karafuu, kusi na kaskazi hulifuata jua. Ukijaaliwa kuwa bado unashona mwaka 2035, Mfungo Mosi utaangukia mwanzoni mwa Disemba na mwanya wako wote utakuwa ndani ya kaskazi kavu. Hapo, kwa mwendo huu ulio nao, hadithi zako zitajaa jua, vumbi na wageni wenye mizigo, na mhariri mwingine atakuandikia kwamba zina joto mno.

Kwa maneno mengine, unaandika hali ya hewa ya siku uliyokaa kuandika. Unainua macho kutoka kwenye simu, unaiona mvua, unaitia ndani ya hadithi. Katika ile hadithi ya kwanza nimehesabu mvua mara saba, na katika hizo saba, tano zinaanza pale pale mtu anapotaka kulia. Huo ni ukarimu wa mbingu ambao mimi, niliyezaliwa Mkoani, sikupata kuuona. Mvua ya Pemba haina habari na huzuni ya mtu. Ina habari na jamvi lake.

Nikueleze ninachokikusudia, ingawa mambo haya unayajua kuliko mimi. Kilo tatu za karafuu mbichi hukupa kavu kilo moja hivi, nazo zinataka jua la siku nne au tano. Msimu ukichelewa, au ukawa mrefu mpaka ukakutana na vuli, kila wingu linalojikusanya upande wa bahari linahesabiwa kwa pesa, kwa sababu karafuu zilizoloa zikakaa huchacha, hupauka, na zikifika kituo cha kununulia hushuka daraja. Sasa mchukue wifi yule na mwenzake wa hadithi yako. Wameanika kila mmoja uani kwake, ukuta kwa ukuta, na hawajasemezana tangu hitima. Mmoja ameondoka kwenda kumtazama mgonjwa. Saa nane mchana upepo unageuka, bati la jirani linaanza kugonga, harufu ya udongo uliolowa inafika kabla ya tone lenyewe, na katika mtaa mzima watu wanatoka mbio kukunja majamvi. Aliyebaki ameshazikusanya karafuu zake na kuzitia poloni. Anasimama mlangoni, mikono inanuka karafuu, anaitazama anika ya wifi yake iliyo wazi.

Je, anaikunja? Akiikunja, atakuwa amekiri mbele ya mtaa kwamba ugomvi wao una mpaka. Akiiacha, kabla ya Maghribi hapatakuwa na mtu Wete asiyejua nani aliona wingu na nani aliingia ndani akafunga mlango. Na akikunja nusu tu, kisha mvua ikamuwahi, wifi yake akirudi ataamini kwamba zile zilizoloa ziliachwa makusudi. Hiyo ni mvua inayonyesha kwa sababu. Huhitaji kumliza mtu yeyote, wala huhitaji kumfafanulia msomaji wa Bara maana ya makonyo au ya anika, kwani ataziona zikishikwa, zikipepetwa na zikikimbizwa, na hilo litamtosha.

Majira katika hadithi za watu wa pwani hayajapata kuwa pambo. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na yakarudi na kusi. Nahodha aliyeoa hapa visiwani alioa akiwa na tarehe ya kuondoka, na mkewe aliijua tarehe hiyo hata kama haikutajwa siku ya ndoa. Akitaka kumwambia jambo, alikuwa na muda hadi upepo ubadilike. Mtunzi anatafuta nini zaidi ya hapo? Hata ugomvi wa mikarafuu yenu minne una upepo ndani yake. Dhoruba ya Aprili 1872 iliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuipita ya Pemba kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo uzito wa zao hilo ukahamia kwenu. Leo mti mmoja Wete ni kitu cha ndugu kununiana kwa miaka. Sikuambii uitie historia hiyo hadithini. Nakuambia uijue, ili ukimwandika mtu anayeukumbatia mti ujue anakumbatia nini.

Kwa hiyo usiyahame masika, ila badilisha unachokiandika ndani yake. Huu ni wakati wa kuandika habari za karafuu, ukiwa mbali nazo, na Julai ukiwa juu ya ngazi ndiyo uifikirie mvua. Ili hilo liwezekane unahitaji daftari dogo, la karatasi, lisiloogopa mikono yenye mafuta ya karafuu wala kuishiwa chaji. Kila usiku baada ya kuchambua andika mistari mitatu, isiwe ya hisia, iwe ya vitu: nani alileta chai, kibatari au taa gani iliwaka, mtoto gani alilala juu ya makonyo, mchumaji gani aligombana na nani juu ya kipimo. Mistari mitatu inaandikika hata kwa mtu aliyechoka. Baada ya msimu mmoja utakuwa na mamia ya mistari ambayo mtu wa Mwanakwerekwe hawezi kuibuni hata akipewa mwaka mzima. Na usidhani mtu mwenye kazi nyingine hawezi kuwa mtunzi kamili. Mohammed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa na upelelezi wake, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, naye kwa mshahara alikuwa mhariri, na kuanzia 1958 jarida alilolihariri lilikuwa la kilimo. Mara nyingi nimejiuliza ni barua ngapi za wakulima kuhusu wadudu wa minazi alizisoma asubuhi kabla ya kurudi jioni kwa mauaji ya kubuni.

Sasa tuje kwa shangazi, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Unasema ulibadilisha majina. Majina katika mji wenu ndiyo kitu chepesi kuliko vyote. Watu hawatambuani kwa majina, wanatambuana kwa kikohozi, kwa mwendo, kwa namna ya kubisha hodi. Wewe uliiacha kanga na ukaliacha neno, yaani uliondoa bango la mlangoni ukaiacha nyumba wazi. Fundi kama wewe ungejua zaidi. Mteja akikuletea gauni la zamani akitaka mfano wake, hulichukui lile gauni ukabadilisha vifungo ukamuuzia mtu mwingine. Unalifumua, unaona lilivyokatwa, kisha unakata kitambaa chako. Kumfumua mtu ni hivyo hivyo. Jiulize ni nini hasa katika shangazi kilichokufanya uandike. Sidhani ni kanga. Nadhani ni kule kudai kivuli. Mtu anayedai kitu kisichoweza kugawiwa na kadhi wala kupimwa kwa hatua ni mtu wa ajabu, na anaweza kuwa mwanamme, anaweza kuwa mvuvi wa Kojani anayedai kipande cha bahari alichovua na marehemu kaka yake, anaweza kuwa mtoto. Ukiishaipata hiyo, neno lenyewe la shangazi huna haja nalo, kwa sababu mvuvi atakuwa na lake.

Utaniambia kwamba watu bado watabahatisha. Watabahatisha, na hilo usilikimbie. Sisi ni watu wa mafumbo. Kamange na Sarahani walijibizana kwa mashairi huko huko Pemba katika karne ya 19, na wasikilizaji walijua kila jiwe limerushwa dirisha gani. Wewe mwenyewe unapindia kanga kila siku na unajua kwamba mwanamke anaweza kumaliza ugomvi, au kuuanzisha, kwa kupita tu uchochoroni na jina la kanga yake likisomeka vizuri mgongoni. Mji umekufundisha kusema bila ya kutaja tangu hujajua kusoma. Tofauti iliyopo ni kwamba kanga ya kijembe inataka mtu mmoja ajitambue na wengine wacheke, na hadithi nzuri inataka kila mtu barazani ahisi kidogo kwamba ni yeye. Hadithi yako ya mikarafuu, ilivyo sasa, bado ni kanga. Imevaliwa ikapita mbele ya baraza ya shangazi, naye amejibu kwa kanga yake, ambayo ni kuku.

Nenda kwake. Usiende na simu, usiende na maelezo kuwa hadithi ni kitu cha kubuni, kwa sababu yeye hakushitakia ubunifu. Alishitakia kwamba neno alilolisema akiwa na msiba, mbele ya watu wake, amelisikia likisomwa na mjukuu kama kichekesho. Mpelekee kitu cha mkono wako, gauni la kushindia au foronya, kwa kuwa cherehani yako hajaigombea. Nenda baada ya Alasiri, ukae mkekani, umuombe radhi kwa neno lile tu, ulitaje, umwambie hukuwa na haki ya kulichukua bila ya kumwambia. Usimuahidi kwamba hutaandika tena, maana utaivunja ahadi hiyo na itakuwa kosa la pili. Huenda siku hiyo asiseme kitu. Huenda akakuuliza mbona ulimfanya wifi ndiye mwenye maneno makali zaidi kuliko yeye. Nimeshuhudia mara nyingi kwamba watu huumia kwa kuandikwa, na huumia zaidi kwa kuandikwa vibaya. Na ukimpata siku akiwa na moyo mweupe, muulize habari za ile miti: nani aliipanda, mwaka gani ilizaa sana, nani aliwahi kuanguka. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wewe kwa miaka sita umekuwa ukiutazama mtungi kwa nje.

Kuhusu kuhama sina maneno mengi. Wapo waliokwenda mbali na umbali ukawafaa. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, aliondoka akiwa kijana na ameandika kuhusu pwani hii akiwa Uingereza, na mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Lakini yeye aliondoka katika nyakati ngumu baada ya Mapinduzi ya 1964, si kwa kumkimbia shangazi. Ukihamia kwa dada yako kwa sababu ya kazi, au watoto, au kwa kuwa moyo umependa, hiyo ni shauri yako na mimi sina la kusema. Ukihamia ili upate mahali ambapo watu hawajuani, nauli yako ya boti itapotea bure, maana katika muda wa Ramadhani moja tu ya kushona Mwanakwerekwe utakuwa unajua nani kanenepa, nani kaposwa na nani hajalipa tangu sikukuu ya nyuma, nao watakuwa wanakujua wewe kuwa ni yule Mpemba anayeandika.

Una wiki chache kabla vitambaa vya Mfungo Tatu havijaanza kurundikana. Ningekuwa wewe ningeziacha zile hadithi nyingine nane zikae, nikaiandika upya hii moja, bila ya kanga ya kijani, bila ya neno la kivuli, na mvua iwe moja tu, ile ya saa nane mchana. Ukiimaliza nipelekee niisome. Ila isiwe baada ya katikati ya Julai: nami nina mikarafuu sita Mkoani, na kwa dalili za matawi mwaka huu sitakuwa mtu wa kujibu barua.